Maswali ya wasomaji: Je, duka dogo la mtandaoni linamudu usafiri bure?

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja, ila kila msomaji ameliona kwa upande wake. Tumezipa ukurasa mzima. Hesabu tumeziandika kwa namba tupu, bila jina la fedha. Weka fedha ya kwako na viwango vya msafirishaji wako, kisha uone kinachobaki.

SWALI: Hamjambo wahariri. Nauza mikoba ya kitambaa mtandaoni, niko peke yangu. Wateja wanachagua vizuri, lakini wakifika kwenye malipo na kuona gharama ya kusafirisha, wanaondoka. Watu wananishauri niandike "usafiri bure" mauzo yapande. Nasita. Duka la saizi yangu linaweza kweli?

JIBU: Hatujambo, ndugu yetu. Linaweza kwa baadhi ya oda. Kwa oda zote, mara nyingi haliwezi. Kujua ni oda zipi, usiangalie mwenzako anafanya nini. Chukua kalamu na karatasi, hesabu yenyewe haimalizi saa moja.

Chukua mkoba mmoja unaouuza 1,000. Kuupata mpaka ukawa mkononi mwako kumekugharimu 550. Bahasha, selotepu, karatasi ya kufungia na lebo ni 30. Anayekupokelea malipo anakata asilimia 3, nayo ni 30. Umebaki na 390. Sasa yaingize matangazo, maana hayo husahaulika: kama mwezi uliopita ulilipia matangazo 2,400 ukapata oda 20, kila oda imekula 120. Zimebaki 270. Hiyo ndiyo faida yako pale mteja anapojilipia usafiri. Ukimlipia wewe, na tuseme usafiri ni 180, unabaki na 90.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopotea. Muuzaji anajiambia kwamba 180 ni asilimia 18 tu ya bei. Ni kweli, lakini hiyo 180 haitoki kwenye bei. Inatoka kwenye ile 270, na humo ni theluthi mbili nzima. Ili urudi ulipokuwa, itabidi uuze mikoba mitatu pale ulipokuwa ukiuza mmoja, iwapo kila mteja mpya unamleta kwa tangazo la gharama ileile. Utafunga vifurushi mara tatu, utahitaji mtaji wa mikoba mara tatu, na pesa itakayobaki mwisho wa mwezi ni ileile.

Sasa mteja huyohuyo achukue mikoba miwili. Mauzo ni 2,000. Ondoa manunuzi 1,100, vifungashio 40, ada ya malipo 60, na tangazo 120, kwa sababu mteja ni mmoja na tangazo lililomleta ni moja. Zinabaki 680. Usafiri nao hauwi 360. Wasafirishaji wengi hutoza zaidi kwa kilo ya kwanza kuliko kwa zinazofuata, hivyo kifurushi kimoja chenye mikoba miwili tukiweke 210. Ondoa hizo pia, unabaki na 470. Umemlipia mteja usafiri na bado umepata zaidi ya ile 270 ya mkoba mmoja aliojilipia usafiri mwenyewe. Kinachoubeba usafiri bure ni oda. Bidhaa moja peke yake haina mgongo huo.

Na kuhusu wanaoondoka wakifika kwenye malipo: inawezekana hawakimbii ile 180, wanakimbia kushtukizwa nayo. Kabla hujaahidi chochote, iandike gharama ya usafiri kwenye ukurasa wa bidhaa, chini kabisa ya bei, kwa maandishi yanayosomeka kwenye simu. Acha wiki mbili zipite, kisha hesabu tena wanaoishia njiani. Marekebisho hayo hayakugharimu kitu, na huenda ukakuta tatizo lilikuwa hapo.

SWALI: Nimeamua kutoa usafiri bure kwa oda kuanzia kiasi fulani. Hicho kiasi nakipataje? Wengine wanasema chukua wastani wa mauzo uongeze kidogo.

JIBU: Wastani ni mwalimu mbaya hapa. Tuseme oda zako tisa za mwisho ni 800, 900, 1,000, 1,000, 1,000, 1,200, 2,000, 2,100 na 9,500. Jumla ni 19,500, na wastani karibu 2,167. Lakini ni oda moja tu kati ya tisa iliyofika hapo! Mtu mmoja aliyenunua kwa jumla ameuvuta wastani wote. Zipange oda kuanzia ndogo mpaka kubwa, kisha uangalie ile ya katikati, ya tano kwa hapa: 1,000. Huyo ndiye mteja wako wa kawaida. Fanya hivyo kwa oda 100 za mwisho, au za miezi mitatu kama hazijafika 100.

Baada ya hapo tafuta kiasi ambacho oda ikikifikia haikuumizi. Jumlisha gharama ya usafiri, vifungashio, tangazo la oda moja, na faida unayopata sasa mteja anapojilipia. Kwa mfano wetu: 210 + 40 + 120 + 270 = 640. Halafu chukua faida ghafi kwa asilimia, yaani 45 kwa kuwa kitu cha 1,000 kimenunuliwa 550, ondoa asilimia 3 za ada ya malipo, inabaki 42. Gawanya 640 kwa 0.42, unapata karibu 1,524. Chini ya hapo, kila oda ya usafiri bure inakupa faida ndogo kuliko oda ya kawaida ya leo.

Wengi huishia hapo na kuandika 1,550 kwenye ukurasa. Subirini kidogo. Katika zile oda tisa, tatu tayari zimevuka kiasi hicho: 2,000, 2,100 na 9,500. Watu hao walikuwa wakilipia usafiri bila kulalamika, na sasa umewasamehe. Umepoteza 210 mara tatu, angalau 630, kwa wateja ambao wangenunua hata bila ofa. Mteja aliyepanda kutoka 1,000 hadi 1,550 anakupa faida ya 281 badala ya 270. Nyongeza ya 11! Watapanda wangapi ili kuifidia 630?

Ndiyo maana kiasi kinatakiwa kikae juu ya ule mpaka. Kikiwa 1,800, oda inakuachia 386, yaani 116 zaidi ya zamani. Wanahitajika wateja sita wa kupanda ili kuifidia 630, na katika orodha yetu walio chini ya kiasi hicho ni sita tu, kwa hiyo usitegemee kwamba wote watapanda. Lakini wateja wawili wapya kabisa, kila mmoja akiwa na oda ya 1,800, wanaleta 772 na pengo limezibika. Ukifanya hesabu hii utajua mapema ofa yako inasubiri nini: watu wapande, au wapya waje. Ofa ambayo haiwezi kuleta wapya ni afadhali usiitoe.

Jambo la mwisho, lisikupite. Kutoka oda ya katikati hadi kwenye kiasi ulichoweka kuwe na bidhaa za kujazia. Mteja mwenye mkoba wa 1,000 anahitaji 800 nyingine. Kama huna kitu kati ya 300 na 800, mkanda wa bega, pochi, kitu chepesi kinachoingia kwenye bahasha ileile, basi umemwekea ngazi isiyo na vidato. Kwenye kikapu mwonyeshe kilichopungua: "Bado 800 upate usafiri bure." Mstari huo una nguvu kuliko bango lolote la ukurasa wa mbele.

SWALI: Je, si rahisi zaidi kuongeza bei na kuandika "usafiri bure"? Na je, si kumdanganya mteja?

JIBU: Si udanganyifu, kwa sababu mteja anaona jumla atakayolipa na anaikubali. Unageuka udanganyifu pale unapotangaza kwamba bei haijaguswa na usafiri ni zawadi. Na ukiwa na wateja wanaokuja kuchukua mzigo wenyewe, wapunguzie kile kiasi. Hao wamelipia safari ambayo haikufanyika.

Kwa upande wa hesabu, kuongeza 180 hakutoshi kurudisha 180, kwa kuwa ada ya malipo inakata asilimia 3 za hiyo nyongeza pia. Gawanya 180 kwa 0.97, upate 186. Kama soko la mtandaoni unalouzia linachukua kamisheni ya asilimia 10 juu ya bei ya bidhaa, gawanya kwa 0.87, upate 207. Soma vizuri kanuni za soko lako. Etsy, kwa mfano, tangu Aprili 2022 hutoza asilimia 6.5 juu ya bei pamoja na usafiri unaomtoza mteja, kwa hiyo kuhamisha gharama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine hakubadilishi kamisheni yao. Soko hilohilo, mwaka 2019, lilianza kuwapa nafasi ya juu kwenye utafutaji wa wanunuzi wa Marekani wauzaji wanaotoa usafiri bure, au wanaoutoa kwa oda za kuanzia dola 35. Mahali pa namna hiyo, kukataa usafiri bure kuna gharama yake, nayo ni kutoonekana.

Ubaya wa kuongeza bei unampata mteja mzuri. Anayenunua mikoba miwili amelipa 372 ndani ya bei kwa safari ya 210. Anayenunua mitatu ameumia zaidi, na bei yako ikilinganishwa na ya mwingine inaonekana ghali. Sisi tunapendelea njia ya katikati. Weka nusu ya usafiri ndani ya bei: 90 ukigawanya kwa 0.97 ni 93, basi mkoba uwe 1,093. Nusu nyingine itoze kama bei moja ya usafiri, 90, kwa oda zote ndogo. Kisha usafiri uwe bure kwa anayechukua miwili. Kwenye mikoba miwili, zile 93 mbili zinakuachia 180 baada ya ada, usafiri ni 210, na pengo unalobeba ni 30 tu. Pengo la 30 duka dogo linalimudu.

SWALI: Nilipima kifurushi nyumbani kikawa kilo 1.2. Msafirishaji akanitoza kilo 5. Nimeibiwa?

JIBU: La, umetozwa uzito wa ujazo. Gari na ndege hujaa nafasi kabla hazijajaa uzito, kwa hiyo msafirishaji anapima vyote viwili na kutoza kilicho kikubwa. Kanuni inayotumiwa sana na kampuni za usafirishaji wa haraka ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Zipo zinazogawanya kwa 6,000 au 4,000, kwa hiyo uliza yako inatumia ipi.

Ukiwa na boksi la 40 kwa 30 kwa 20, ujazo ni 24,000. Gawanya kwa 5,000, unapata kilo 4.8, nayo inapandishwa hadi 5. Ndiyo kilo 5 zako hizo. Bidhaa hiyohiyo ukiifunga kwenye boksi la 30 kwa 20 kwa 12, ujazo ni 7,200, yaani kilo 1.44, utakayotozwa kama 1.5 pale wanapohesabu kwa nusu kilo. Umetoka kilo 5 ukafika 1.5 bila kugusa bidhaa.

Huko Marekani, hadi mwisho wa 2014 vifurushi vidogo vya barabarani vya UPS na FedEx vilitozwa kwa uzito wa mizani tu. UPS walibadilisha mwisho wa Desemba mwaka huo, FedEx Januari 2015, na toka hapo ujazo ukahesabiwa kwa vifurushi vyote. Maduka yaliyokuwa na boksi moja kubwa la kufungia kila kitu yaliona gharama zao zinapanda bila hata gramu moja kuongezeka.

Basi fanya hivi. Chukua bidhaa zako kumi zinazouzika zaidi, zifunge kama unavyomfungia mteja, na upime boksi likiwa limeshafungwa, kwa nje, sehemu iliyotuna zaidi. Usipime boksi likiwa tupu. Karatasi ya mapovu ikijazwa kupita kiasi huusukuma mfuniko juu kwa sentimita 2, na msafirishaji hupima kwenye kilele cha huo uvimbe. Kwa boksi la 30 kwa 20, sentimita 2 za kimo ni 1,200 za ujazo, karibu robo kilo. Kitu kisichovunjika, kama nguo au mkoba wa kitambaa, kisiingie kwenye boksi kabisa. Kitoe hewa na ukitie kwenye bahasha ya plastiki nzito. Saizi tatu za vifungashio huwatosha wengi: bahasha, boksi dogo bapa, na boksi la kati. Andika kwenye jedwali uzito wa mizani, uzito wa ujazo, na kile utakachotozwa. Jedwali hilo ndilo linalokupa ile 180 na ile 210. Ukiahidi usafiri bure kabla ya kulitengeneza, umeahidi namba usiyoijua.

SWALI: Mimi wateja wangu hulipa mzigo ukifika. Nilipoweka usafiri bure, oda zikajaa, lakini vifurushi vinarudi. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana, na tunakuomba uisimamishe ofa hiyo leo. Kulipa mzigo ukifika pamoja na usafiri bure ni viwili visivyokaa pamoja. Mteja hajaweka chochote mezani. Akibadilisha mawazo, au akikosa kupokea simu tu, hapotezi kitu, na safari mbili zinakuwa zako.

Turudi kwenye ile faida ya 90. Oda kumi zikitoka, mteja mmoja akakataa, tisa zinakupa 810. Ile iliyokataliwa imekula 180 kwenda, 180 kurudi, 30 za vifungashio na 120 za tangazo: jumla 510. Umebaki na 300 kwa vifurushi kumi. Wakikataa wawili, nane zinakupa 720 na mbili zinakula 1,020. Umefunga vifurushi kumi ukapata hasara ya 300.

Usafiri bure uwe wa aliyelipa kabla. Anayetaka kulipa mzigo ukifika ajilipie usafiri, na pesa ya usafiri huo aitume kwanza kabla hujafunga. Itakuwa tofauti inayoeleweka kwa kila mtu, nawe huhitaji kumkatalia yeyote. Mpigie au umwandikie siku ya kutuma, umtajie jumla na siku ya kufika. Asiyejibu, mzigo wake usubiri.

SWALI: Na anayerudisha bidhaa je? Kuna mteja aliongeza kitu ili afikie kiwango, kisha akakirudisha.

JIBU: Mkoba mmoja uliosafirishwa bure ukirudi, umepoteza 180 za kwenda, 30 za vifungashio, 30 za ada ya malipo ambayo wapokeaji malipo wengi hawairudishi, na 120 za tangazo. Ni 360, faida ya oda nne. Ukijilipia na usafiri wa kurudi, ni 540, faida ya oda sita. Ndiyo maana hatushauri duka dogo liahidi usafiri bure wa kwenda na wa kurudi kwa pamoja, isipokuwa kosa likiwa lako: umetuma rangi siyo, au kitu kimefika kimevunjika.

Kuhusu mteja wa kuongeza na kurudisha, masharti yaandikwe kabla hajalipa: kilichobaki kikishuka chini ya kiwango, gharama ya kawaida ya usafiri itakatwa kwenye pesa anayorudishiwa. Ila angalia kwanza sheria ya walaji ya nchi ya mteja. Kwenye Umoja wa Ulaya, chini ya agizo la mwaka 2011 la haki za walaji, mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kughairi. Akighairi oda nzima, unamrudishia hata usafiri wa kwenda aliolipa, kwa kiwango cha ile njia ya kawaida iliyo nafuu zaidi. Usafiri wa kurudisha ni wake, mradi ulimjulisha mapema. Usipomjulisha, unaulipa wewe. Sentensi moja iliyosahaulika kwenye masharti inaweza kukugharimu kila mzigo unaorudi.

SWALI: Mbona maduka makubwa yanaweza?

JIBU: Nayo hayakuanza kwa kutoa kwa kila mtu. Amazon ilipoufanya usafiri bure kuwa wa kudumu huko Marekani, Januari 2002, ilikuwa kwa oda za kuanzia dola 99, na mzigo ulikwenda polepole. Mwaka huohuo kiwango kikashuka hadi 49, kisha 25. Ilipoanzisha Prime, Februari 2005, mteja alilipa dola 79 kwa mwaka ndipo asafirishiwe kwa siku mbili bila nyongeza. Kiwango cha chini, kusubiri, au ada ya mwaka: mteja alikuwa anatoa kitu. Wakubwa pia wana bei za mkataba na maghala karibu na wanunuzi, na hivyo huwezi kuviiga.

Ufaransa imelichukulia jambo hili kwa uzito hadi likawa sheria, ili kuyalinda maduka ya vitabu. Ilipopigwa marufuku kusafirisha vitabu bure mwaka 2014, Amazon ikatoza senti moja ya yuro. Tangu Oktoba 2023, vitabu vipya vya chini ya yuro 35 havisafirishwi nyumbani kwa chini ya yuro 3.

SWALI: Nikiandika "usafiri bure", hata wa nchi nyingine wanadai. Naruhusiwa kuwabagua?

JIBU: Andika eneo ndani ya ahadi yenyewe, usiliache kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa. Chagua eneo ambalo jedwali lako linaonyesha gharama inayofanana, utoe usafiri bure huko. Kwa wa mbali, usiwanyime kabisa: waondolee kiasi kilekile unachowaondolea wa karibu, walipie tofauti. Usafiri wa kwenda kwao ukiwa 500 na wa karibu 210, mteja wa mbali aliyefikia kiwango alipe 290. Hakuna atakayesema amebaguliwa, na wewe hujatoka nje ya hesabu.

Mpakani kuna jambo jingine. Usafiri bure haugusi ushuru wa forodha wala kodi, na mteja asipoambiwa hivyo atakataa mzigo mlangoni. Misamaha ya vifurushi vidogo nayo inapungua: Umoja wa Ulaya uliondoa Julai 2021 msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya yuro 22, na Marekani ilisitisha msamaha wake wa ushuru wa dola 800 kwa nchi zote mnamo tarehe 29 Agosti 2025. Taja kwenye ukurasa nani analipa ushuru, kabla ya kitufe cha kulipa.

SWALI: Nimeanza wiki iliyopita, oda zimepanda kutoka 20 hadi 28. Niendelee?

JIBU: Bado hujatuambia jambo moja: walioingia dukani walikuwa wangapi, na umebaki na nini? Tuseme kila kipindi waliingia watu 1,000 na matangazo ni 2,400. Kabla, oda 20 mara 390, ukiondoa 2,400, ni 5,400. Sasa oda 28 mara 210, maana usafiri umeubeba wewe, ni 5,880. Ondoa 2,400, unabaki na 3,480. Oda zimeongezeka kwa asilimia 40 na faida imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa watu walewale 1,000 ungehitaji oda 38 ndipo urudi kwenye 5,400.

Kwa hiyo pima faida kwa kila watu 1,000 walioingia. Jaribu kwa wiki nne, wiki moja haitoshi, na katika muda huo usiguse bei wala matangazo, la sivyo hutajua kilicholeta mabadiliko. Ukiwa umeweka kiwango cha chini, zipange oda tena kwa ukubwa. Zikirundikana juu kidogo ya kiwango, watu wanapanda. Zikibaki pale pale zilipokuwa, kiwango kiko mbali mno au huna bidhaa za kujazia. Na usifunge hesabu siku ya mwisho. Ngoja muda wa kurudisha bidhaa uishe.

SWALI: Nauza sabuni ya maji, dumu la lita 5, bei 400. Usafiri wake 300. Kuna njia yoyote?

JIBU: Ya usafiri bure, hapana, dada, na usikubali kusukumwa. Hata faida ghafi ikiwa nusu ya bei, 200 haiwezi kubeba 300. Ukiiweka ndani ya bei, dumu linakuwa 700 na hakuna atakayelibofya.

Fanyia kazi uzito. Maji ndiyo unayosafirisha kwa sehemu kubwa. Kama sabuni yako inaweza kuuzwa ikiwa nzito, mteja akaongeza maji mwenyewe, lita 1 inafanya kazi ya lita 5 na inasafiri kwa kilo moja na kitu. Pima uwiano huo wewe kwanza, uandike kwenye chupa kwa vipimo vya kikombe. Kama haiwezekani, kusanya oda za eneo moja zitoke siku moja ya wiki, gari moja, mgawane gharama, na siku hiyo itangaze mapema. Ruhusu mteja kuja kuchukua. Chupa za kimiminika zifunge mfuniko kwa selotepu kuuzunguka, kisha mfuko wa plastiki uliofungwa, ndipo boksi. Moja ikivuja njiani inaharibu na vifurushi vya wengine, nawe utadaiwa.

Kwenye ukurasa andika hivi: "Dumu 1, usafiri 300. Madumu 4 kwa pamoja, usafiri ni huu hapa," na uweke kiasi halisi alichokupa msafirishaji kwa kilo 20.